Nilivyokufa Mbele ya Wakwe

Sikuwa mtu mkubwa, naapa. Nilikuwa baharia niliyeshuka melini Marekani, na kwa kuwa nilijua kupanda farasi, nikaajiriwa kwenye filamu za kauboi za televisheni. Kazi yangu ilikuwa kupigwa risasi na kuanguka.

Mwaka jana nilikuja Maskati, maana baada ya mapinduzi Unguja hakurudiki tena. Nikamwambia Mzee Nassor, baba wa mchumba wangu, kwamba nimecheza filamu. Akauliza, "Wewe ndiye stelingi, yule shujaa mwenyewe?" Nikatabasamu tu. Kufika Ijumaa, Matrah nzima, mtaa wa bandarini tunakoishi, ilikuwa ikiniita stelingi, nami nikiitika.

Juzi kampuni ya mafuta ikaonyesha mojawapo ya filamu zile kwenye ukuta wa kambi ya wafanyakazi wake. Mzee Nassor, ambaye ni karani pale, akaja na ndugu zake wote. Nilijipa moyo kwamba hakuna atakayenitambua. Lakini alipotokea yule farasi niliyempanda ujana wangu wote, neno likaniponyoka: "Mimi huyo!"

"Yupi?" wakauliza.

"Huyo aliyekwishaanguka. Huyo wa kwenye vumbi, aliyetugeuzia mgongo."

Mwenye mashine akairudisha filamu nyuma. Nikafa tena. Watu wakavunjika mbavu, wakataka nife mara nyingine, nikafa.

Mzee Nassor hakucheka. Alininong'oneza, "Nna swali, mwanangu. Miaka yote ile Marekani, hata uso wako hawakuutaka?"