Kitanda cha Majani cha Bibi Selina

Kwetu Kinyangiri kuna kitanda kimoja kizuri cha kamba, ila hakilaliwi na mtu. Babu Mughwai analala kwenye mkeka, mimi nalala kwenye mkeka, majani ya mlonge ndo yanalala kitandani, juu ya kanga safi, dirisha limefungwa. Ukikikalia kidogo tu, utamsikia bibi yangu Selina huko jikoni: "We mtoto! Unakalia dawa za watu!"

Ndo bibi yangu huyo. Tangu mama yangu hajazaliwa, mwanamke akijifungua akakosa nguvu, au mtoto akikonda, watu wanamfuata yeye. Anawapa unga wa mlonge wachanganye kwenye uji. Shule hajaenda hata siku moja, ila ana sheria yake: jani la dawa halioni jua.

Mwaka huu zahanati ikataka kuanza uji wa watoto waliokonda, na mlonge wachukue kwa mama mmoja kati ya watatu wa hapa wanaoukausha. Akaja dada Hana, mwanafunzi wa chuo, apime majani ya nani yana asidi amino nyingi. Nikagugo kwenye simu hapo hapo. Kumbe ni vitu vidogo vinavyojenga protini, na vingine mwili hauwezi kuvitengeneza, mpaka uvile! Kimoja kinaitwa lizini. Mahindi yanacho kidogo sana, na uji wetu ndo wa mahindi huo huo. Nikamwambia bibi. Akaniangalia tu: "Sasa wewe ulidhani naweka mlonge wa nini?"

Wenzake wawili walimpa Hana majani makavu. Bibi hakuwepo siku hiyo, alienda msibani, basi Hana akachuma mabichi kwenye mti wake akaondoka nayo.

Baada ya mwezi tukaitwa zahanati. Majani ya bibi yana lizini kidogo kuliko ya wenzake wote. Nesi Flora hata kumtazama alishindwa. "Mama Selina, utusamehe, tutachukua ya wenzio."

Jamani, nilitaka kulia. Miaka yote hiyo, halafu karatasi moja inamfanya mwongo mbele za watu!

Bibi hakugomba. "Mwanangu Hana, yale majani yamebaki?"

Hana akatoa kimfuko. Bibi akasugua majani kiganjani, akanusa, akaonja.

"Haya yamelala bati."

"Nini, bibi?"

"Uliyaanika wapi?"

"Juu ya bati la gesti, Iguguno. Siku tatu."

"Mti ni wangu, lakini dawa hiyo umetengeneza wewe. Twende ukachukue ya kwangu."

Akaja nyumbani, bibi akamfungulia chumba. Majani yote yako kitandani, ya kijani utadhani yamechumwa asubuhi. Hana alipiga picha kile kitanda mpaka simu ikazima. "Shikamoo bibi," akasema, na asubuhi alikuwa ameshamwamkia!

Wiki iliyopita meseji ya Hana ikaingia kwenye simu yangu. Lizini ya kitandani imeizidi ile ya batini karibu nusu, na imewapita wote! Na nesi Flora anataka madebe mawili kila mwezi. Nilipiga kelele kuku wakakimbilia kwa jirani.

"Soma tena," bibi akasema.

Nikasoma mara nne. Akafuta mikono kwenye kanga. "Hilo jina la lizini liandike kwa herufi kubwa, nibandike mlangoni."

Nimeandika. Lipo pale, kila anayepita analiona.

Leo Kefa fundi kaleta kitanda cha pili. Babu alivyokiona akaanza kujinyoosha. "Eeh! Hatimaye mke wangu kaukumbuka mgongo wangu!"

Bibi akatandika kanga mpya, akamwaga ungo mzima wa majani, akayatandaza taratibu kama anamfunika mtoto.

"Mughwai, sogeza mkeka wako basi," akasema. "Dawa ya zahanati inataka kupita."