Alama Moja na Nusu kwa Toleo la Kwanza

Kosa langu la kwanza ni kwamba niliyaanika magazeti ya katuni juani kama kahawa.

Mvua ya masika ilikuwa imepenya kwenye bati na kuingia ndani ya sanduku la marehemu mjomba. Enzi za ujana wake alinunua kila toleo la gazeti moja la katuni, akalitunza. Alipofariki nikayarithi mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeyataka. Hapa kwetu Kaisho kitu kilicholowa kina dawa moja tu. Nikayapanga juu ya kichanja nyuma ya nyumba, kando ya kahawa ya mama, nikarudi ndani nikijisifu. Kufika jioni majalada yalikuwa yamejikunja kama majani makavu ya mgomba, na wino mwekundu umefifia mpaka unatia huruma. Mama alisimama na reki yake ya kugeuzia kahawa mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Uliyageuza?"

Lilipona moja, toleo la kwanza, ambalo lilikosa nafasi kwenye kichanja. Nalo lilikuwa na doa. Mjomba aliwahi kuliweka juu ya mgomba uliotoka kukatwa, utomvu ukaingia kona ya chini. Kwenye jalada doa lilikuwa dogo, lakini ndani, ukurasa wa tatu, lilikuwa limepanda juu zaidi, la kahawia, umbo la nusu mwezi. Kila mtu wa huku anajua utomvu huo hautoki.

Niliyafunga yote kwenye mfuko wa salfeti nikapanda bodaboda hadi Murongo. Karibu na mpaka palikuwa na mzee mwenye kibanda cha vitabu vya mitumba, na ndiye aliyeanzisha kundi letu la simu la wakusanyaji wa katuni za zamani. Nilimheshimu sana. Nilitaka anifundishe kupima hali ya gazeti, yaani kulipa alama kati ya moja na kumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaufungua mfuko, akanusa. Akawaita waendesha bodaboda waliokuwa kivulini. "Njooni muone! Kijana, umeniletea magazeti au umeniletea kahawa?"

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Yeye akaendelea kupekua mpaka akalifikia toleo la kwanza, na hapo akajifuta vidole kwenye shati kabla ya kuligusa. Niliona. Sikuelewa.

"Hili nalo ni la kufungia karanga," akasema. "Alama mbili, tena nakuonea huruma. Basi, Bwana Kahawa, chukua haya mawili mapya, mimi nibaki nalo hili. Usirudi mikono mitupu."

Nikakubali. Nikasema asante, tena mara mbili.

Baada ya muda mfupi aliweka picha kwenye kundi. Toleo la kwanza, alama nane na nusu, "kutoka hazina yangu binafsi". Nililitambua kwa pini ya juu, ambayo tangu kiwandani ilikaa upande. Nikavuta picha kwa vidole nikitafuta doa. Halikuwepo. Palipokuwa na doa palikuwa na ukingo mnyoofu, msafi, kama umekatwa kwa wembe.

Nilikaa na simu mkononi, nikaapa kwamba gazeti lile litarudi kwangu, na litarudi mbele ya watu walewale.

Nikaanza kujifundisha. Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu. Nilinunua rula ya chuma, nikang'oa lenzi kwenye kamera mbovu. Nilipima vitabu vya nyimbo, kalenda za ukutani, madaftari yangu ya shule. Kabla ya kugusa karatasi nilinawa, nikanawa tena, kisha nikawa na wasiwasi kwamba maji yenyewe yameacha unyevu. Nikitoa alama saba nilikosa raha siku nzima nikidhani ni sita. Mama alichoka. "Mwanangu, hata kitambaa changu unakipa alama?" Kwa kweli nilikuwa nimekipa. Nne.

Watu wa kundi walianza kunitumia picha, halafu wakaanza kuniletea magazeti yenyewe. Walisema sina upendeleo. Sikumwambia yeyote kwamba nilikuwa namsubiri mtu mmoja.

Siku ikaja. Mama mmoja kutoka Mwanza, mkusanyaji, alilitaka toleo la kwanza, ila alidai lipimwe na mtu mwingine asiyekuwa mwenye mali. Kundi likanitaja mimi. Mzee akakubali kwa kicheko cha maandishi.

Nilifika Murongo siku ya soko, bodaboda wakiwa wengi kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Kahawa. Umenawa?"

"Nimenawa."

Yule mama alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Niliweka toleo la kwanza mezani, kisha nikatoa toleo la tatu la mjomba, mojawapo ya yale niliyoyaanika juani. Nikalikandamiza mpaka likanyooka, nikalaza moja juu ya jingine.

"Mama, tazama huku chini. Moja ni fupi."

Akainama. "Limepungua upana wa punje ya mchele."

"Limekatwa."

"Kiwanda hakikuwa makini zamani zile," mzee akasema haraka. "Kijana huyu anapima kahawa, hajui karatasi."

"Limekatwa na nani?" mama akauliza.

"Aliyelikata simtaji. Ila najua kwa nini." Nikafungua ukurasa wa tatu. Nusu mwezi ya kahawia ilikuwa palepale, kipande cha chini tu kimeondoka. "Huu ni utomvu wa mgomba. Gazeti limekatwa chini ili doa la jalada lisionekane. Ndani aliusahau."

Mwendesha bodaboda mmoja alisogea, akachungulia, akavuta shati lake. "Ni utomvu kweli! Tazameni, kama huu wangu! Mke wangu ameufua tangu harusi!" Kivuli kizima kikaangua kicheko, na safari hii hawakunicheka mimi.

"Alama ngapi?" mama akauliza, tayari ameshafunga mkoba.

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelipima kwa macho tangu lilipowekwa mezani. Lilistahili tatu. Nikamtazama mzee usoni.

"Moja na nusu."

Mama akaaga, akaondoka. Mzee akalichukua toleo la kwanza kwa vidole viwili na kunitupia. "Lichukue basi, ukafungie karanga."

Nililidaka. Kisha nikatoa kwenye begi yale magazeti mawili mapya aliyonibadilishia, yakiwa ndani ya nailoni, hayajakunjwa hata kona. Nilikuwa nimeyabeba makusudi. "Haya ni yako, mzee. Tisa, yote mawili." Niliyaweka mbele yake taratibu, nikaaga kwa heshima zote.

Njiani kurudi Kaisho nilicheka peke yangu nyuma ya bodaboda. Nyumbani nililiweka toleo la kwanza mezani, karibu na dirisha, nikalipima upya. Tatu. Nikalipima tena, nikitamani lishuke. Tatu. Kila mtu kwenye kundi sasa anajua toleo la kwanza la mjomba wangu ni moja na nusu, na neno hilo ni langu, si la yule mzee.

Nikipita Murongo bado namwamkia kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie, naye analazimika kuitikia. Hilo sitaliacha. Kilichobadilika ni kwamba sianiki tena karatasi juani, na gazeti ninalolitaka mimi mwenyewe simpimii mtu.