Mtu wa Ukutani

Televisheni pale Burumba, mpakani na Uganda, ilikuwa ya jirani yangu, mke wa mwenye malori, na iliwashwa kwa betri ya lori. Kila Jumamosi jioni sebule yake ilijaa watu waliokuja kutazama hadithi moja ya Kizungu isiyo na kichwa wala miguu. Mtu ameuawa katika mji fulani, aliyemuua hajulikani, na polisi badala ya kuuliza maswali kama polisi, wanaota ndoto. Farasi anaingia posta. Saa zinarudi nyuma. Bibi kizee anapanga vijiko vitatu mezani, anasema cha nne kiko majini, basi, hadithi inakatwa mpaka wiki ijayo.

Wiki nzima watu walikula na kulala na hicho kijiko cha nne. Aliyewazidi wote ni mwalimu mmoja wa Bukhayo, ambaye alikuja kwa baiskeli hata mvua inyeshe. Yeye alishikilia kwamba siri yote iko kwa mtu wa ukutani. Huyu alikuwa kivuli cha mwanamume kilichotokea mara kwa mara ukutani nyuma ya wahusika, chepesi kama moshi, kikitikisa kichwa, na hakuna mhusika aliyeonekana kukijali. Mwalimu alisema ndiye muuaji. Jirani yangu alisema ni marehemu mwenyewe amerudi. Karani mmoja wa forodha alikuwa na maelezo yake marefu ambayo hakuna aliyeyamaliza kuyasikiliza. Waligombana kama watu wanaogawana urithi.

Mimi sikuwa nikienda. Nilikuwa na fumbo langu nyumbani. Bwana yangu alipiga gitaa Kampala, na tangu mwanzo wa mwaka sikuwa nimepata barua wala salamu. Miaka ile Uganda ilikuwa chini ya wanajeshi, na habari zilizovuka mpaka hazikuwa za kumpa mtu usingizi. Watu walichukuliwa wakapotea, na wake zao wakabaki kuulizia kwa madereva. Nami niliulizia. Wengine walinijibu kwamba hawajamwona. Wengine waligeuza mazungumzo, na hao ndio walionitia hofu zaidi. Kwa hiyo nilikasirika sana kuona watu wazima wakihangaikia maiti ya kwenye sanduku.

Jumamosi niliyokwenda, nilikwenda kikazi. Mimi ni fundi wa nguo, na jirani alitaka gauni lake la Idi lipunguzwe chini. Hakukubali kuikosa hadithi, maana siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho na muuaji angetajwa. Basi nikapiga magoti nyuma yake na pini mdomoni, yeye amesimama ameikodolea macho televisheni.

Mtu wa ukutani akatokea. Mwalimu akaruka kitini akituambia tutazame mfuko wa shati lake: mistari ya shati imesimama, ya mfuko imelala, na hiyo haiwezi kuwa bure. Nikainua kichwa nimwone huyo mjinga mwenye mfuko uliolala.

Mfuko ule niliushona mimi. Kitambaa kilinipungukia, nikaukata kwa upande, na shati lenyewe nikamkabidhi utingo wa lori la Kampala mwezi uliotangulia, bila kujua kama mwenyewe yuko wa kulipokea. Nikatema pini.

"Huyo hajaua mtu," nikasema. "Huyo ni bwana yangu."

Hakuna aliyecheka. Hawakumjua, maana nilihamia Burumba yeye akiwa ameshakwenda. Karani ndiye aliyeelewa kwanza: huku kwetu mpakani mawimbi ya Kampala yalikuwa yakiingilia ya Nairobi, na picha za kule zikipita juu ya hadithi yetu. Muda wote ule walikuwa wakiipeleleza bendi ya dansi. Jirani akanikalisha kwenye kochi, gauni lake limejaa pini. Mimi nataka nimwone vizuri, na kivuli ndicho hicho kinafifia.

Kwenye televisheni, bibi kizee alikuwa amefungua mdomo amtaje muuaji. Mwalimu, aliyelingoja jina hilo muhula mzima, aliinuka, akatoka nje kwenye mvua, akaushika mlingoti wa antena. Tulimsikia akiuzungusha kuelekea Uganda. Bibi kizee akakatikakatika, akapotea na siri yake.

"Iko sawa?" mwalimu akauliza kupitia dirishani.

"Bado, mwalimu. Zungusha kidogo," jirani akamjibu.

Kisha akaja, mzima, shati langu kifuani, gitaa mkononi, akicheka na mpiga ngoma. Furaha ilinijaa mpaka kooni, na hasira ikaifuata mbio: kumbe yu hai, anacheka, na kalamu ndiyo imemshinda. Mashavu yalikuwa yamemjaa.

"Amenenepa," nikasema. Ndipo nikalia, nikalia kwa sauti mbele za watu, na hakuna aliyeninyamazisha. Mwalimu alikuwa huko nje bado ameushika mlingoti, akiuliza kama sasa anaweza kuuachilia, nasi sote tukamwambia asiuachilie.