Jicho la Mchezaji wa Snuka

Juzi nilikuwa kliniki ya macho pale Tororo, nikingoja zamu kwenye benchi ndani ya chumba cha daktari. Mbele yangu alikaa mwanamume wa miaka kama arobaini, amekumbatia mfuko mrefu wa fimbo ya snuka, ile ya kupigia mipira mezani.

"Unafanya kazi gani?" daktari alimuuliza.

"Nacheza snuka. Ndiyo kazi yangu miaka yote. Wiki ijayo navuka mpaka pale Busia, nakwenda kwenye mashindano Kenya. Lakini siku hizi hata mipira rahisi inanikataa."

Daktari alimpima. "Ndugu yangu, jicho la kushoto limekufa. Halitaona tena."

Yule bwana aliinama juu ya meza ya daktari, kidevu kikikaribia kugusa mbao, akanyoosha mkono kama anayetaka kupiga mpira. Kwa jicho moja akalenga kitasa cha mlango. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Mipira imesogea," alisema polepole. "Basi nitajifunza imeenda wapi."

Akaaga, akatoka.

Mimi nilikuwa nimekwenda kulalamika kwamba magazeti yetu yana herufi ndogo. Nilipoitwa, niliona aibu hata kutaja jambo hilo.