Kamba Hulegezwa Mlangoni

Juzi niliingia sebuleni kwa mjukuu wangu, hapa hapa Nsemulwa, nikashindwa kukaa. Juu ya televisheni, kwenye msumari, kulikuwa na upinde. Mpya, wa mti wa mkole, umepakwa mafuta mpaka unang'aa. Kauchonga mwenyewe jioni jioni, akishatoka kutengeneza simu za watu. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini kamba ilikuwa imekazwa. Ndani ya nyumba, jamani, kamba imekazwa kana kwamba kuna mtu anangojewa.

"Mume wangu," nikamwambia, maana mjukuu wa kiume ndivyo tunavyomwita, "legeza hiyo kamba."

"Mke wangu nawe! Nikiilegeza si utakuwa fimbo tu? Hilo ni pambo."

Pua yangu ilikuwa imeshaanza kusikia moshi, na nyumba ile haina hata figa moja. Wanapikia gesi.

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini majina hayajanitoka. Kule Ugalla tulikozaliwa nakumbuka kila mti na kila mtu, hata mbwa. Mbwa wa baba yangu mdogo walikuwa wawili, Watasema na Subira. Yeye mwenyewe aliitwa Maganga. Alikuwa mdogo wa mwisho wa baba, hajaoa, mrefu, mwenye vidole vyembamba visivyojua kutulia. Wengine walichonga upinde kwa sababu nguruwe wanamaliza mihogo. Maganga alichonga kwa sababu alipenda kuchonga. Akimaliza mmoja anampa mtu, anaanza mwingine.

Jirani yetu mrina asali, ambaye alikuwa mtani wake, hakumwachia. "We Maganga, shamba hulindi, nyama huwindi. Huo upinde unamchongea nani?"

"Nakuchongea wewe, siku ukiiba mzinga wangu."

"Mzinga upi? Wewe hata nyuki wanakukimbia kwa umaskini!"

Watu wanacheka, lakini bibi yangu hacheki. Alikuwa akipeta mtama, anasimamisha ungo, anasema polepole, "Upinde usio na kazi hujitafutia kazi." Halafu anaendelea kupeta.

Ule wa mwisho aliukata mbali, ng'ambo ya mto, kwenye mkole uliotoa matawi mawili yanayolingana kama mapacha. Akachukua moja. Bibi aliposikia mti ulikuwa wa mapacha akauliza, "Na la pili umeliachia nini?" Desturi yetu mapacha hawatenganishwi hivi hivi, hata wa mti. Unaacha chochote pale, unga kidogo au ushanga. Maganga akasema atapeleka. Hakupeleka.

Wakati ule ndio ulikuwa utamu wangu. Mvua za kwanza zinanukia, uyoga unatoka chini ya miombo, tunarudi nao na kikapu kimejaa, bibi anaupika na karanga, tunakula na ugali wa mtama hadi tunashindwa kuinuka. Maganga anakaa nje anakwangua mti kwa kisu, krr, krr, krr. Mimi kazi yangu ni kumletea majani ya msasa, yale makali kama ulimi wa ng'ombe, ya kulainishia. Akishalainisha anapaka mafuta ya nyonyo, anaupandisha kwenye kichanja juu ya mafiga, mti unywe moshi. Kamba aliisokota kwa ukano, ule mshipa mgumu wa mnyama pofu, akiuvuta na kuulowesha kwa mate. Harufu yake mbaya, lakini mimi niliipenda.

Upinde ukakamilika mchana mmoja wenye joto la kuchosha. Akaukaza pale uani, akaipiga kamba kwa kidole. Ukalia mmm, kwa sauti nene, na mbwa wote wawili wakainuka. Kabla hajautilia hata mshale, mvua ikashuka kama imemwagwa. Sasa kila mtu kwetu alijua kwamba ukano ukilowa umekwisha. Maganga akaukumbatia upinde wake na kukimbilia ndani.

Bibi akapiga kelele ambayo sijaisikia tena maishani. "Kamba! Maganga, kamba!"

Kwetu upinde hauingii nyumbani kamba ikiwa imekaza. Ukifika mlangoni unasimama, hata inyeshe mvua ya mawe, unalegeza, ndipo unavuka. Kulegeza ndiko kusema nimefika. Ukiuingiza umekaza, upinde haujui kama umefika, nao utamtoa mtu tena nje kwenda kuitafuta safari iliyobaki.

Maganga alikuwa ameshavuka. Alisimama katikati ya nyumba akichuruzika maji, anacheka. "Mama, kamba yenyewe haijalowa. Tazama."

Bibi hakutazama. Aliokota ungo wake, akaenda kukaa upande wa pili.

Tangu siku ile upinde ulilia wenyewe. Labda ni joto la moto lililokuwa likiuvuta ule ukano, sijui. Tunakula, kimya, halafu kule juu ya kichanja unasikia mmm. Subira anainua masikio. Baba anaacha tonge hewani. Maganga naye akaacha utani. Ukimwita unaita mara mbili. Mrina asali alimwambia, "Mtani, leo mbona hunitukani?" Maganga akamwangalia tu, kama anamtazama mtu wa mbali.

Asubuhi moja kulikuwa na ukungu, Maganga akauteremsha upinde. Bibi alimkuta mlangoni akamwuliza anakwenda wapi. "Kuujaribu tu." Bibi akamshika mkono, akamwomba jambo moja, alipeleke lile deni la mkole na kisha arudi. Akasema sawa mama. Mimi nilikuwa nakoka moto. Nilimwona mgongo ukiingia kwenye ukungu, na mbwa nyuma yake.

Mbwa walirudi jua likiwa bado juu. Hawakuwa na jeraha. Walipita mlango wa nyuma na kujilaza kwenye majivu, na hawakumfuata mtu yeyote msituni tena.

Wanaume walitafuta mpaka kule mtoni. Upinde waliukuta. Ulikuwa umetundikwa vizuri kwenye lile tawi pacha lililobaki, mishale yote ipo, damu hakuna, nyasi hazijalala. Na kamba ilikuwa imelegezwa.

Baba alipoleta habari hiyo, bibi aliuliza swali moja tu, "Imelegezwa au imekatika?" Akajibiwa imelegezwa, kwa fundo lake mwenyewe. Ndipo bibi alipofungua kitambaa kichwani, kama mfiwa. Hakukuwa na haja ya kutafuta tena. Mwanawe alikuwa amefika mlangoni kwa mtu, mwenye ule mti, akalegeza kamba kwa adabu, akaingia.

Leo pale Ugalla kwetu mimi sipajui. Mafiga yamekwisha, vichanja vimekwisha, msasa hakuna anayeutafuta, wananunua karatasi dukani. Wazee waliojua desturi zile nimewazika wote, na majina yao nikianza kuyataja vijana wananiambia bibi pumzika.

Mjukuu wangu ameondoka leo asubuhi na rafiki zake, kwa pikipiki, kwenda huko huko Ugalla, kupiga picha na upinde wake. Nilimshika mkono. "Mume wangu, huo mti uliukata wapi?" Akasema huko huko, kwenye mkole mmoja mzuri, matawi mawili yamelingana. Akanibusu paji la uso, akacheka, akapita mlangoni na kamba imekaza.

Sasa wingu limefunga upande ule. Nimekaa kizingitini nasikiliza pikipiki. Na kinachonitisha zaidi, rafiki yangu, ni hiki: hata wakiukuta umetundikwa kwenye tawi, kamba imelegezwa, hakuna hata mmoja wao atakayejua maana yake. Watasema jamaa kasahau upinde wake. Watauleta hapa, wataikaza kamba, watautundika msumarini.