Bolti Inayoitika

Mume wangu wanamwita Nyundo, na jina hilo hakulipata kwa ugomvi. Kazi yake ni kugonga bolti. Kwenye jabali lililosimama juu ya ufukwe, nyuma ya kambi ya wageni, amepachika bolti zaidi ya mia, na kila moja ina pete ya kupitishia kamba. Mpandaji akiteleza, bolti ndiyo inayomdaka. Isipomdaka, basi tena, chini ni mawe matupu.

Sasa chumvi ya bahari ina roho mbaya. Haili bolti kwa nje ukaiona kutu ukashtuka. Inaila huko ndani ya tundu, nje inabaki inang'aa kama ya jana. Ndiyo maana Nyundo anagonga. Bolti nzima inaitika kwa mlio mwembamba, mrefu. Mbovu inatoa kishindo kifupi, dup, imeisha hiyo. Miaka kumi na tisa hakuna aliyebishana na sikio lake. Kila msimu wa mvua ukiisha anagonga jabali zima, anashuka, anamwambia Meneja, "Zimeitika," na wageni wanaanza kupanda.

Mimi niko stoo ya vifaa, hapo hapo chini. Nakodisha viatu vya kupandia, jaketi za kuelea, miwani ya kuzamia, na naosha kamba kwa maji baridi kwenye beseni. Kukaa chini nikatulia siwezi. Siku binti yetu anapopanda ndiyo kabisa: nazipanga jozi za viatu kwa saizi, nazipangua, nazipanga tena. Binti ana miaka ishirini na mbili na ni kiongozi wa wageni. Yeye ndiye anayetangulia na kamba, kwa hiyo bolti ikiwa mbovu, wa kwanza kuijua ni yeye.

Mwaka huu shaka yangu ilianza na birika. Tuna birika la filimbi, likichemka linapiga kelele mpaka jirani anauliza kuna nini. Nikatoka kuanika kamba, narudi, Nyundo amekaa hapo hapo jikoni anarekebisha mkanda wa kupandia, birika linalia, mvuke umejaa jiko.

"Wee baba! Husikii?"

"Nini?"

"Birika!"

"Aa, nilikuwa na mawazo," akasema, akalizima.

Mawazo! Wiki ile ile simu ikalia mfukoni mwake mwenyewe, nikampokelea mimi. Tukiwa barabarani nikiongea upande wake wa kushoto, anaitikia "ndiyo, ndiyo" hata nikimuuliza kama nguo zimekauka. Ni ile drili, jamani. Miaka kumi na tisa anatoboa jiwe uso kwa uso. Nilimnunulia vizibo vya masikio, akavitumia kuzibia chupa ya mafuta ya taa. Watu wanamtukana mtu kwamba ametia pamba masikioni. Laiti wangu angetia!

Jumatatu akashuka jabalini, akamwambia Meneja zimeitika zote arobaini na mbili za upande wa wageni. Jumamosi, saa tatu asubuhi, binti yetu apande na kundi la kwanza. Nikimwambia Meneja, kazi ya mume wangu imekwisha siku hiyo hiyo, na nje ya jabali lile hajui kazi nyingine. Nikinyamaza, mwanangu yuko juu kule ananing'inia kwenye kitu ambacho baba yake hajakisikia. Nilikoroga chai mpaka ikapoa, nikaikoroga tena.

Ijumaa mchana, tukiwa wawili tu stoo, nikachukua nyundo yake na vipande viwili vya zege anavyofundishia vijana wapya. Kimoja kina bolti nzima, kingine bolti aliyoilegeza mwenyewe. Nikasimama nyuma yake.

"Niambie hii," nikasema kwa sauti, nikagonga nzima.

"Nzima. Unanichezea?"

Nikagonga mbovu. Dup, hata paka angejua.

"Nzima hiyo."

Nikamzungushia kile kipande mbele. Akaiangalia ile bolti, akaitikisa kwa kidole, ikacheza. Haki ya Mungu sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Umenipima? Mke wangu, umenipima kama mtoto wa shule?"

"Nimekupima, ndiyo! Anayepanda kesho nimemzaa mimi!"

"Na mimi nimemwokota?" Akaninyang'anya nyundo, akaitupa kwenye kikapu cha miwani, akaondoka.

Jumamosi saa moja asubuhi akaja mlangoni pa stoo na mkanda wa kiunoni mkononi, saizi ndogo.

"Vaa."

"Mimi?"

"Si unajifanya una masikio? Twende ukasikie."

Sijawahi kupanda hata ngazi ya kubadilishia taa. Lakini hasira nayo ina nguvu zake, nikavaa. Tukazunguka kwa njia ya nyuma mpaka kileleni, akafunga kamba kwenye jiwe kubwa, akanifunga pembeni yake, tukashuka pamoja nimemkumbatia bega, macho nimeyafumba nusu.

Ya kwanza kutoka juu akaigonga. Ikaitika, mlio mwembamba, mtamu. "Haya?" akauliza. Nikasema nzima. Ya pili nzima, ya tatu nzima, na mimi, aibu yangu, nikaanza kumwomba Mungu niwe nimekosea, anicheke hadi uzeeni.

Akagonga ya nne. Dup.

"Nzima," akasema.

"Hapana."

"Mke wangu..."

"Gonga tena."

Akagonga tena. Akaweka na sikio la kulia karibu, akagonga mara ya tatu. Kisha akanitazama usoni, si kwa hasira tena, kama anayesoma nilichosikia. Akatoa spana, akaikamatisha, akavuta. Wala hakutumia nguvu. Kichwa cha bolti kikatoka na spana, na ndani ya tundu hakukuwa na kitu ila unga mwekundu.

Akakishika kiganjani. "Hii niliipitisha Jumatatu," akasema. Akazitazama zilizobaki chini yetu, akasema, "Niligonga arobaini na mbili."

Chini yetu nikasikia vicheko. Nikafumbua macho vizuri. Binti yetu amewahi, yuko na wageni wanane wenye kofia ngumu, kamba ameshajifunga, mkono mmoja uko kwenye jiwe.

"Baba!" akapaza sauti. "Tuanze?"

Nyundo alikuwa anageuzageuza kile kichwa cha bolti.

"Baba! Tuanze, au bado?"

Sauti ya mwanangu ni kali, ufukwe mzima uliisikia. Bega la mume wangu, nililolishikilia, halikushtuka hata kidogo. Nikavuta pumzi, mimi ambaye sijawahi kutoa amri kwenye jabali lile.

"Toka hapo! Toa kamba! Asipande mtu!"

Nyundo akageuza uso, akaniangalia mdomoni.

"Unaongea na nani?" akauliza.