Joto la Kompyuta ya Rereao

Mtu aliyekaa miaka kumi na tisa katika chumba cha injini cha meli za Wajerumani haogopi joto, na Tekaai alikuwa akijisifia hivyo kila mahali. Alirudi kisiwani kwao Betio na mgongo mbovu, sikio moja lisilosikia vizuri na matusi mengi ya Kijerumani, akatandika mkeka barazani kwake na kuanza kutengeneza kompyuta za watu. Hakusomea. Alisema injini ni injini, iwe kubwa kama nyumba au ndogo kama ukucha: joto lina njia yake ya kutokea, na likikwama, kazi yako fundi ni kutafuta limezibwa wapi. Watu walimcheka, kisha wakamletea mashine zao.

Sasa mashine iliyomshinda ilikuwa ya nyumbani kwake mwenyewe, na ndiyo ilikuwa ya maana kuliko zote.

Ilikuwa ya binti yake, Rereao, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa akisomea uchoraji wa ramani kwa mtandao, katika chuo kimoja cha Suva, ng'ambo ya bahari. Mwaka uliotangulia alianguka mtihani wa mwisho kwa alama tatu. Tatu tu! Chuo kikampa nafasi moja ya kurudia, kikamwandikia wazi kwamba hakutakuwa na nyingine. Alitakiwa apeleke ramani ya visima vyote vya kisiwa, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Akifaulu, ofisi ya ardhi ilikuwa imemwahidi meza na kiti. Asipofaulu, kuna kiwanda cha samaki, ambako wasichana wenzake wanasimama kutwa nzima na mabuti ya mpira wakikata jodari. Hakuna asiyejua habari za kiwanda kile.

Kuchora alikuwa anaweza, tena vizuri mno. Tatizo lilikuwa hatua ya mwisho, pale mchoro ukishakamilika na kompyuta inaachiwa iupike yenyewe uwe ramani kamili, kwa saa mbili bila kuguswa. Mashine haikuweza kukaa hata robo saa. Skrini inakuwa nyeusi ghafla, kimya, kama mtu aliyezimia, na kazi inaanza upya kutoka sifuri. Na programu yenyewe chuo kilikuwa kimeifunga kwenye mashine ile moja, kwa hiyo kwenda kuazima ya jirani hakukusaidia kitu.

Mama yake, Tinai, alilaumu umeme. Tekaai akatikisa kichwa. Umeme ukikatika taa nayo inazimika, na taa ilikuwa inawaka. Akaweka kidude cha kuonyesha joto la prosesa, ule ubongo wa mashine, pembeni ya skrini, akakaa kitako na kutazama namba zikipanda: sabini, themanini na nane, tisini na sita. Ilipofika mia, giza.

"Haijafa," alimwambia binti yake. "Inajizima isiungue. Ina akili kuliko mainjinia wangu wa zamani."

Akafungua kava. Ndani mlikuwa na vumbi la matumbawe lililogandana na chumvi ya hewani, na mayai mawili ya mjusi kwenye kona. Alisafisha kwa brashi ya rangi yale mapezi ya chuma ya kupozea, moja baada ya jingine, akaondoa kutu ya chumvi kwenye feni mpaka ikazunguka bila kulia. Mashine ikadumu dakika kumi na nne badala ya kumi. Basi akaelewa kwamba mzizi wa fitina uko chini zaidi. Akang'oa kipoozeo, lile donge la mapezi linalokaa juu ya prosesa na kunyonya joto lake, akakuta ile dawa ya kijivu ya katikati, inayopitisha joto, imekauka na kuwa unga wa chaki. Akaifuta, akapaka nyingine. Hapo alikuwa anapiga mluzi, maskini, akidhani amemaliza.

Kipoozeo kile kilishikiliwa na miguu minne ya plastiki. Plastiki ya miaka minane, kwenye hewa ya bahari yetu hii. Alipokibana ili kirudi mahali pake, mguu wa kwanza ukakatika. Wa pili ukafuata kabla hajamaliza kutukana.

Akafunga kwa uzi wa kuvulia samaki. Waya aliukataa, maana waya ukigusa mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kwisha habari. Uzi ulishika, na kwa nusu saa joto lilikaa themanini; kisha ukapata moto, ukalegea, na upande mmoja wa kipoozeo ukanyanyuka. Nafasi ya unene wa karatasi, basi, na prosesa ikaanza kuungua upya. Alijaribu kuipunguza mashine kasi. Ile kazi ya saa mbili ikawa ya saa sita, na uzi ukalegea ilipofika saa ya tatu. Tinai alipita na sahani ya wali, akatazama ule uzi, akamuuliza mumewe kama huyo samaki wake anakaangwa au anachemshwa.

Ndipo alipompigia simu mpwa wake aliyekuwa baharia kwenye meli ya mizigo, amtafutie kipoozeo kipya huko Suva, cha miguu ya chuma. Walingoja wiki saba. Kiliwasili Jumatatu ile ile ya wiki ya mwisho, kimeviringishwa ndani ya fulana. Tekaai alikifunga kwa mikono miwili kama anayemvika mtoto shati la kanisani, akawasha. Hamsini. Hamsini na tano. Hamsini na nane, na hapo hapo namba ikatulia, saa nzima, saa mbili. Rereao alicheka mpaka akajifuta machozi. Jumatatu, Jumanne na Jumatano alikaa akisahihisha mistari yake ya mwisho. Alhamisi alfajiri alipanga kuiachia mashine ipike.

Jumatano adhuhuri akaja Mikaere.

Mikaere alikuwa binamu yake Tekaai, mtoto wa mjomba wake, na ndiye aliyesimamia mambo ya kanisa lao. Mtu mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna watakaotaka kumchukia. Aliketi mkekani, akala samaki, akasimulia habari za sikukuu ya kanisa Jumamosi, wageni wangapi watakuja, nguruwe wangapi. Kisha akanawa mikono, akakaa sawa mkekani, na mtu wa kwetu akikaa namna ile unajua kinachofuata.

"Kaka," alisema Mikaere, "nimekuja kwa bubuti."

Bubuti haikataliwi. Ndugu akikuomba kwa neno hilo, unatoa, hata kama ni shati ulilolivaa. Anayekataa hapigwi wala hashtakiwi. Anatazamwa tu, yeye na wanawe, mpaka kaburini.

Akaeleza kwamba kompyuta ya kanisa, ile inayorusha maneno ya nyimbo ukutani, imeanza kujizima kwa joto. Amesikia Tekaai amepata kipoozeo cha chuma. Anakiomba.

Hakujua habari ya Ijumaa. Alijua Rereao anasoma, lakini siku na saa hakuambiwa, na sasa hakukuwa na namna ya kumwambia. Kumweleza mtu shida zako baada ya yeye kulitamka lile neno ni kukataa kwa mdomo wa adabu. Tekaai alijua kitu kingine pia, kama fundi: mashine ya kanisa ni ya aina nyingine, na miguu ile ya chuma huenda isiingie kabisa kwenye matundu yake. Swali dogo tu, "Matundu yenu yamekaaje?", lingetosha. Likamfika mpaka kwenye meno. Lakini naye Mikaere angelisikia vipi? Kama la mtu anayetafuta mlango wa kutorokea.

Tena kulikuwa na deni la zamani la mashua. Tinai alipokuwa kisiwa cha Abaiang na uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya, Tekaai ndiye aliyekwenda kwa Mikaere na neno lile lile. Mikaere alikuwa na injini moja ya boti, ndiyo iliyomlisha. Aliifungua palepale bila kuuliza itarudi lini, na haikurudi nzima. Mtoto aliyevukishwa bahari siku ile akiwa tumboni, Rereao, alikuwa ameketi hapo mezani, amewapa mgongo, mkono juu ya kipanya, hausogei.

"Kichukue, kaka," Tekaai alisema.

Akaiendea mashine, akashika bisibisi, lakini ncha haikukaa kwenye skrubu. Ikateleza mara ya kwanza, ikateleza mara ya pili. Rereao akaondoka kitini.

"Lete, baba. Nitafungua mimi."

Akakifungua mguu kwa mguu, akafuta ile dawa ya kijivu kwa kitambaa, akakiweka katika mikono miwili ya Mikaere na kumtakia sikukuu njema. Lisilo budi hutendwa, na alilitenda kwa uso mkavu kuliko baba yake. Mikaere akamsifu kwamba amelelewa vizuri.

Alhamisi asubuhi Tekaai hakuvumilia. Alikwenda kanisani kwa kisingizio cha kusaidia kufunga, akijiambia kwamba kama hakikuingia, basi Mikaere mwenyewe atasema kirudi, na hapo hakuna aibu ya mtu. Hakikuwa kimeingia kweli. Kilikuwa juu ya kabati, na miguu yake yote minne imekatwa kwa msumeno.

"Haikulingana," Mikaere alieleza, kwa haya kidogo. "Tukaona tuifupishe. Bado imegoma. Si kitu, kaka, tutaimba kwa vitabu."

Tekaai alikiokota, akakigeuza, akakirudisha kabatini. Akasema ni kweli, vitabu vinatosha. Njiani kurudi alitembea na jua utosini, akilia kama mtoto, na hakujali nani anamwona.

Ijumaa walipambana, jamani, wasije wakasemwa kwamba walikaa tu. Kipoozeo cha zamani alikuwa amekirudisha tangu Alhamisi, na usiku kucha uzi ulikuwa umelegea kila walipojaribu. Saa mbili asubuhi walijaribu kwa uzi mpya, mnene zaidi. Mashine ikazimika kazi ikiwa arobaini kwa mia. Akaona uzi hautafaa tena. Akailaza kompyuta ubavu, akaondoa feni ndogo, akakikandamiza kipoozeo kwa kopo la nyama lisilofunguliwa ili kisinyanyuke. Tinai alikimbia kwa wavuvi akarudi na bonge la barafu ndani ya beseni, wakaliweka mbele ya feni ya chumbani ili upepo upite juu yake. Saa tano na nusu wakaanza tena. Namba ikakaa themanini na tano. Themanini na saba. Tinai alikinga matone ya barafu kwa kanga yake yasiruke kwenye mashine.

Saa sita na nusu ilikuwa hamsini kwa mia. Jua lilikuwa juu ya bati sasa, na chumba chenyewe kilikuwa tanuri. Barafu ikaisha kabla ya saa saba. Tekaai akapepea kwa mkeka, mgongo ule mbovu ukimchoma, themanini kwa mia, themanini na nane, na joto nalo tisini na saba, tisini na tisa. Ilipofika tisini na moja kwa mia, skrini ikawa nyeusi.

Waliiwasha tena, wakaanza tena kutoka sifuri, ingawa wote watatu walijua kwamba bila barafu haitafika. Ikadumu dakika ishirini. Kufikia saa tisa hapakuwa na muda wa saa mbili hata kwa mashine mpya. Tekaai aliendelea kupepea mashine iliyokwisha kuzimika, mpaka mkewe alipomshika mkono.

Rereao alikuwa amekaa sakafuni, kichwa ukutani. Aliongea taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza babake kuliko yote.

"Baba, ungemkatalia baba Mikaere ningeona aibu kuitwa mwanao."

Akafuta jasho kwa kiganja.

"Lakini ningefaulu."

Tekaai akaliondoa lile kopo la nyama juu ya kipoozeo. Saa kumi ilifika, ikapita. Rereao akanyanyuka, akachomoa waya ukutani, akamuuliza mama yake kiwanda cha samaki kinaandikisha watu siku gani.